Kipanya Chetu, Mola Akipe Umri

Pwani hii imeimba jahazi kwa karne nyingi. Imeimba mashua, imeimba ngalawa, imeimba hata dau linalovuja. Lakini sijasikia ubeti mmoja uliotungwa kwa ajili ya Hiace. Hiyo ni dhuluma, nami leo nataka kuipunguza kadiri ya uwezo wangu, ingawa mimi ni mpiga besi, na wapiga besi hatukuzoea kupewa maiki.

Ninachokisifu ni kipanya cha bendi yetu. Ni cheupe, au kilikuwa cheupe. Mlango wa pembeni hufunguliwa na mtu mmoja tu, mpiga tumba, kwa sababu ndiye anayejua pa kupiga. Kioo cha nyuma ni ubao. Ubavuni kina maandishi ya Kijapani yaliyokuja nacho kutoka huko kilikotoka, na kila mmoja wetu ana tafsiri yake. Kiongozi wa bendi anasema ni jina la hospitali. Mnenguaji wetu anasema ni la shule ya chekechea, maana viti vyenyewe ni vya kukalia watoto. Dereva, ambaye wote tunamwita Suka na ambaye hapendi utani kuhusu gari lake, anasema pameandikwa "Msishushe vioo". Kweli, havishuki.

Hiace ya kwanza ilitoka kiwandani mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha. Ukisimama kando ya barabara yoyote nchini utajionea mwenyewe ni kipi kati ya viwili hivyo kingali kinatembea. Ila ukiingia ndani ya kipanya chetu utagundua kwamba hata hicho kingine hakijafa chote: watu kumi na saba kwenye viti kumi na vinne, mfuko mmoja wa chipsi, na hakuna mwenye goti lake peke yake.

Vijana wa siku hizi, wanaopanda jukwaani na flashi mfukoni, hawawezi kulielewa hili, lakini dansi la Tanzania lilikulia kwenye gari la ofisi. Zamani bendi ilikuwa na mwenyewe. NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ya umoja wa vijana wa chama tawala, Bima Lee ya Shirika la Bima. UDA, wale wa mabasi ya Dar es Salaam, walikuwa na UDA Jazz yao. Na Mlimani Park, hiyohiyo Sikinde, ilianza mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi kabla DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam, hawajaichukua. Yaani mojawapo ya bendi kubwa kuliko zote nchini ni mtoto wa teksi! Magitaa yalikuwa ya shirika, spika za shirika, gari la shirika. Mwanamuziki aliyetaka kuhama alihama na koo lake na vidole vyake, basi.

Na walihama haswa. Maalim Gurumo aliimba NUTA, akaimba Mlimani Park, akaimba Orchestra Safari Sound, akarudi Msondo, yaani ileile NUTA kwa jina jingine. Hassan Bitchuka naye amewaacha mashabiki wa Msondo na wa Sikinde wakigombea ni wa nani, na pande zote mbili zina hoja. Kama wakubwa walikuwa hivyo, sisi wadogo tutaponea wapi? Bendi yetu imenyang'anywa wapiga solo watatu ndani ya mwaka mmoja. Wa mwisho aliondoka usiku, na waya zangu mpya za gitaa zikamfuata.

Kipanya hakijahama. Kimewahi kulala gereji wiki sita, ufunguo ukiwa umeachwa palepale kwenye swichi, na hakuna bendi iliyokinyakua. Nitajieni mwimbaji mwenye uaminifu wa namna hiyo.

Wapo watakaoniambia kwamba muziki wetu na Japani vina historia nzuri zaidi ya hii. Ni kweli. Mwaka 1970 Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz walikwenda Japani, kwenye maonyesho ya Expo kule Osaka, wakapiga. Kipanya chetu kimetoka Japani kuja kupigwa. Kimepigwa jeki, kimepigwa stata, kimepigwa teke mlangoni, kimepigwa faini. Lakini hakuna aliyewahi kukisikia kikilalamika, ukiondoa ile sauti ya kwenye giabox ambayo Suka anasema ni ya kawaida.

Safari iliyonifanya nikiheshimu ni ile ya Iringa. Kutoka Dar es Salaam ni karibu kilomita 500. Basi likitoka alfajiri, mchana abiria wanakula kuku palepale stendi. Sisi tuliondoka Alhamisi jioni kwa ajili ya dansi la Ijumaa usiku, na kiongozi alijisifu sana kwa kuona mbali. Chalinze tulipata pancha. Kabla ya Morogoro tulipata nyingine, ya tairi lilelile, maana spea nayo ilikuwa na siri zake. Tukalala kwa fundi, mle mle garini, tumebanana na tumba.

Mapambazuko yakatukuta Mikumi. Pale barabara kuu inakatiza katikati ya hifadhi, kilomita 50 hivi, na kuna bango lenye orodha ya faini kwa kila mnyama utakayemgonga. Tulilisoma lote, tuna muda, tukapiga hesabu kwamba bendi yetu ingeweza labda kumudu ngiri mmoja kwa mkopo. Lakini kwa mwendo wetu hatari ilikuwa upande wa pili. Nyani watatu walipanda kwenye keria tukiwa tunatembea, wakakagua vyombo, wakashuka bila haraka. Mmoja alijaribu tandiko la drams.

Hapo ndipo eksozi ilipodondoka. Upande mmoja ulibaki umeshikilia, mwingine unaburuza lami na kutoa cheche. Kushuka garini ndani ya hifadhi hakuruhusiwi, na tembo tuliwaona, si mbali. Suka akageuka akanitazama mimi. Sijui kwa nini mimi. "Kaka," akasema kwa upole ambao hajawahi kunionyesha kabla wala baada, "nipe waya wako ule mnene." Besi ina waya nne. Nikaufungua ule mnene kuliko zote, mkono unatetemeka, akashuka, akaingia chini ya gari kama anayetafuta sarafu, akafunga, akarudi. Haikuzidi dakika mbili. Waya ule upo pale mpaka leo. Usiku ule nilipiga dansi zima la Iringa kwa waya tatu, na hakuna mtu ukumbini aliyegundua. Hata mpiga solo aliyesimama hatua moja kutoka kwangu hakugundua. Ni elimu ambayo hakuna mwalimu wa muziki angethubutu kunipa.

Ruaha Mbuyuni tulisimama kwa muda mrefu kiasi kwamba wauza vitunguu walichoka kututembezea bidhaa, wakakaa kivulini nasi tukapiga soga.

Halafu Kitonga.

Kwa asiyekijua, Kitonga ni mlima ambao barabara imeuzunguka kama kilemba, huku ukuta wa mwamba, huku bonde. Malori ya kwenda Zambia na Kongo yanaupanda kwa mwendo wa mgonjwa, na mengine hayamalizi. Ukiona matawi ya miti yamelazwa barabarani, moja, halafu jingine, halafu jingine, ujue kwenye kona mbele kuna mwenzako amekwama. Ile pembetatu nyekundu kila gari linayo, ila ile ni ya kumwonyesha trafiki. Majani ndiyo ya kuwaonyesha watu. Siku ile majani yalikuwa mengi, na kwenye kona ya pili tukaongeza ya kwetu.

Gari lilikuwa limechemsha. Tukasubiri, tukamimina maji, likawaka, ila likakataa kupanda na sisi ndani. Suka akaamua: vyombo vipande, watu watembee. Hivyo spika zikapanda Kitonga zimekaa kwenye viti kama waheshimiwa, nasi tukafuata kwa miguu tukisukuma. Na kwa kuwa breki ya mkono ilikuwa ya pambo tu, ilibidi mtu mmoja atembee nyuma ya tairi na jiwe, na mwingine amwambie lini aliweke.

Sasa, mpiga tarumbeta na mwimbaji wetu wa kwanza walikuwa hawasemeshani kwa miezi miwili, kisa hela ya kutunzwa iliyoanguka katikati yao jukwaani. Wazee wa bendi walikaa kikao, hawakuwaweza. Kiongozi aliwatoza faini, hakuwaweza. Kipanya hakikuitisha kikao. Kazi ya jiwe ilimwangukia mpiga tarumbeta, na aliyekuwa ameshika kona ya bampa, mahali ambapo tairi likirudi ndipo mguu ulipo, ni mwimbaji. "Weka!" akapiga kelele. Mwenzake akaweka. "Toa!" Akatoa. "Weka!" Kwa saa nzima na ushee hao wawili hawakuambiana neno jingine, lakini hilo waliambiana mara mia mbili. Tulipofika Ilula niliwakuta wameegemea gari wanakula nyanya za kununua njiani, mfuko mmoja, chumvi moja, wanamsengenya mpiga kinanda.

Muda wote huo simu ya promota ilikuwa inaita. Tukiwa chini ya mlima, pale Mahenge, kiongozi alimwambia, "Mkuu, tunaingia Iringa sasa hivi." Kona ya pili akamwambia tumeshaingia, tunatafuta ukumbi. Juu ya mlima akamlaumu kwamba hakuweka mtu wa kutupokea. Kabla hatujanunua kipanya, kiongozi wetu alikuwa mtu mzito wa maneno, hata kuwatambulisha wanamuziki jukwaani kulimshinda.

Tulifika saa tano na nusu usiku. Nusu ya watu walikuwa wameondoka, na waliobaki walikuwa wamekunywa ulanzi kiasi cha kutuona tuko wengi. Tulipiga hadi alfajiri. Promota alitulipa nusu, sababu ni kuchelewa. Kwa kweli hakulipa nusu. Alilipa nusu ya nusu, akasema nyingine atatuma.

Najua mnachotaka kusema. Marafiki zangu wote wanakisema: nunueni Coaster, kodini basi la maana, mtafika mapema, mtaonekana watu. Labda. Lakini Salum Abdallah, yule wa Cuban Marimba ya Morogoro, alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1965. Mbaraka Mwinshehe, wa Morogoro pia, alipata ajali ya barabarani huko Kenya, akafa Januari 1979, ana miaka 34. Mwanamuziki wa bendi anasafiri usiku, baada ya kazi, akiendeshwa na dereva ambaye naye alikesha ukumbini. Hapo utani wangu unaishia kwa muda.

Kipanya chetu hakijawahi kufika 80. Kikifika 60 milango huanza kuongea. Kikifika 65 taa ya oili huwaka, usukani hutetemeka kama una homa, na hata mlevi aliyelala siti ya nyuma huamka akamwambia Suka apunguze. Mama yangu anaishi Mbagala, na kila tukienda mikoani humpitia kumuaga. Namwamkia, ananiitikia, kisha ananiuliza swali moja tu: "Mnakwenda na lile bovu?" Nikimwambia ndiyo mama, anashusha pumzi. "Haya, mwanangu. Nendeni salama." Mwaka juzi tulikodishiwa basi jipya lenye feni na televisheni. Alikesha.

Mwezi uliopita kiongozi aliamua kukiuza. Hakutushauri. Mnunuzi alikuja mazoezini Jumamosi asubuhi, baba wa makamo, mstaarabu, anafuga kuku wa mayai, anataka chombo cha kusambazia trei. Alikizunguka mara mbili. Akayasoma maandishi ya Kijapani kwa makini kama anayeyaelewa. Akauliza mbona kwenye eksozi pana waya wa gitaa, na wote wakanitazama mimi, nami nikatazama chini.

Kisha akaingia, akawasha. Kikawaka mara moja. Miaka mitatu sijawahi kukisikia kikiwaka mara moja. Suka aligeuza uso. Baba yule akatoka nacho taratibu, akapita geti, akakunja kona ya msikiti, nasi tukabaki tumesimama na vyombo mikononi, hakuna anayepiga.

Tukasikia kimezima. Stata ikalia, ikalia tena, ikakata. Kimya. Kwa mbali sauti ya kistaarabu ikaita, "Jamani, wazee! Samahanini!"

Mpiga tumba alikuwa wa kwanza kuvua ndala.