Mjomba, Sichezi Kamari

Mjomba, na wote mliopo barazani hapo Ngamiani, Tanga, dhumuni la barua hii ni ile picha yangu ya huku Ujerumani.

Nasikia imezunguka ukoo mzima mpaka imefika Muheza. Nimeketi mezani usiku wa manane na Wazungu watatu, dadu mkononi, chupa za bia kila upande, na mbele yangu kibunda cha kadi. Mama kalia. Shangazi kasema alijua tu. Wewe mwenyewe, nimeambiwa, ulipoulizwa kama mtoto kapotea ulijibu, "Kama anashinda, hajapotea." Ahsante kwa kunitetea, ila hata huko kushinda kwenyewe hakuna. Naomba uwasomee barua hii kwa sauti, na muuza kahawa asigonge vikombe vyake mpaka umalize.

Tuanze na bia. Si zangu. Yangu ni ile chupa ya kushoto, maji ya tofaa yenye gesi, ambayo huku hunywewa na watoto na watu wa zamu ya usiku. Halafu pesa: mezani hapakuwa na hata senti moja. Zile kadi mlizodhani ni noti, mkizikuza picha mtaona ni kondoo.

Mchezo unaitwa Catan. Ni kisiwa cha vipande 19 vya pembe sita, na kila kipande, isipokuwa jangwa, kinatoa kitu chake: mbao, udongo wa matofali, ngano, mawe, sufu. Dadu mbili zinarushwa, namba ikiangukia kwako unavuna, ukivuna unajenga njia na vijiji. Wa kwanza kufikisha pointi kumi ndiye bingwa. Ila ikitoka saba, mwenye kadi zaidi ya saba anatupa nusu, na jambazi anahamia shamba la mtu. Na saba ndiyo inayopenda kutoka: dadu mbili zina namna 36 za kuanguka, na sita kati ya hizo ni zake. Haya nilifundishwa na jirani yangu wa ghorofa ya chini, karani mstaafu wa kodi, ambaye kila jambazi anapomwendea huhesabu tena zile 36 kwa vidole, kama anayekagua hesabu za mtu mwongo.

Aliyeubuni, Klaus Teuber, alikuwa fundi wa meno ya bandia. Kazi ilimchosha, jioni akawa anashuka chini ya nyumba yake kukata karatasi na kuchora visiwa. Catan ilitoka mwaka 1995, ikauzwa zaidi ya nakala milioni 30, naye akaachana na meno ya watu. Alifariki 2023. Wenyeji wa huku humtaja kwa sauti ya chini, kama sisi tunavyomtaja bingwa wa taarabu.

Sasa, mchezo huu hauendi bila kubadilishana mali, na hapo ndipo mtoto wa Ngamiani alipopata nafasi. Wajerumani hawajui kupatana bei. Wamezaliwa wakakuta bei imebandikwa. Jirani anasema, "Kondoo mmoja kwa tofali moja," kisha anakaa kimya, basi, ameshamaliza. Mimi nikamwinua kondoo wangu, nikamsifia manyoya, nikataja mama yake alivyokuwa na maziwa, nikajifanya namrudisha zizini, nikamwambia kwa sababu ni yeye nitampunguzia. Meza yote ikanyamaza. Kisha bibi mmoja, mwalimu wa hisabati, akafungua kijitabu cha sheria kuangalia kama kusifia bidhaa kunaruhusiwa. Hakukuta katazo. Ndipo wakacheka.

Mtauliza niliingiaje humo. Yule jirani tulikuwa tukipishana ngazini kwa kutikisiana vichwa tu. Huku mtu hakukaribishi kwake mkakae mkazungumza. Mkazungumze nini, na ajenda iko wapi? Lakini ana mchezo unaotaka watu wanne, wako watatu kwa kuwa mwenzao kavunjika mguu, hapo atagonga mlango wa yeyote, hata wa Ziraili. Akagonga wangu. Nami nilikuwa nimetoka zamu kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, macho mekundu, nikadhani nyumba inaungua.

Tangu hapo nimekuwa mwanachama wa Ijumaa. Mwaliko huja wiki tatu kabla. Saa kumi na mbili jioni maana yake ni saa kumi na mbili. Nimewahi kumkuta mtu amesimama nje ya mlango kwenye theluji akisubiri dakika zifike, kwa sababu kuwahi nako ni kuchelewa kwa upande wa pili. Kila kadi imevishwa mfuko wake wa nailoni. Viazi vya kukaanga vya pakiti vinaliwa kwa vijiti vya Kichina, mafuta yasije yakagusa karata. Nyie hapo mnakula kashata na kushika dhumna kwa mkono huohuo, na dhumna hazijafa.

Halafu kuna mafunzo. Mtu mmoja amesoma sheria nyumbani siku nzima, na sasa anasimama kuwaeleza wenzake, na maelezo hayo huweza kuchukua dakika 40 kabla kete haijasogea. Watu wanauliza maswali, wengine wanaandika. Kule kwetu mtu hujifunza kwa kufungwa na kuzomewa, na kelele ndizo nusu ya utamu. Huku ukimzomea mtu aliyechemka wanadhani mmegombana.

Mama atafurahi kusikia kwamba ninalima. Upo mchezo wa Agricola, uliobuniwa na Uwe Rosenberg mwaka 2007, wa wakulima wa Ulaya wa karne ya 17. Unaanza na mume, mke na nyumba ya mbao ya vyumba viwili. Raundi ziko 14, mavuno mara sita, na kila mavuno lazima kila mdomo upate chakula chake. Ukipungukiwa unapewa kadi ya kuombaomba, na kila kadi inakukata pointi tatu. Nimetoka nchi ya jembe, nikapanda ndege, nikasomea uuguzi kwa Kijerumani, ili Ijumaa usiku niombe chakula mbele ya karani wa kodi. Na sheria moja nimeinakili kwa ajili ya Shangazi: kwa kawaida mtoto hazaliwi mpaka chumba chake kiwe kimejengwa. Ukiwa huna chumba, hata mkipendana vipi, hamna mtoto. Waambie vijana wa hapo wanaopanga harusi za mwezi ujao.

Msidhani ni wazimu wa juzi. Ludo ya hapa, waliyoisambaza kina Schmidt wa Munich, ilianza kutengenezwa kwa wingi mwaka 1914, mwaka uleule nyuki wa Tanga walipokuwa wakiwafukuza askari wa Mwingereza kule kwetu. Vita ilipopamba moto, Schmidt akatuma maboksi 3,000 kwa majeruhi mahospitalini. Wakirudi nyumbani, kila mmoja anajua kucheza. Hiyo ndiyo biashara, Mjomba, na hakuna aliyebandika tangazo.

Sasa shika kiti, maana hili litakuuma. Ijumaa moja jirani aliniambia kwa heshima kwamba amenitafutia "mchezo wa kwenu". Akatoa boksi. Ndani mna ubao wenye safu mbili, mashimo sita sita, na vioo vya rangi. Akanieleza sheria zake zote, taratibu, akihofu labda nimezisahau kwa kukaa mbali na nyumbani. Inaitwa Kalaha, na aliyeitengeneza ni Mmarekani, William Julius Champion, mwaka 1940. Nilimwacha amalize, kwa adabu mliyonifunza. Kisha nikaomba karatasi, nikachora bao letu la mashimo 32, nikamwambia kete ni 64, kila mtu anaanza na kumi ubaoni, sita kati ya hizo zikiwa nyumbani, na 22 zinabaki mkononi za kunamua. Nikamweleza nyumba, kichwa, kimbi, kuteka, kutakata, na kwamba kunamua kukiisha ndiyo kwanza mtaji unaanza. Alikuwa ameacha kula viazi.

Hakuniamini mpaka alipochimba vitabuni akamkuta Mholanzi, Alex de Voogt, aliyekaa na mafundi wa bao Zanzibar akaandika tasnifu yake ya udaktari wa Leiden mwaka 1995, akichunguza vichwa vyao vinawezaje kuona mbele namna ile. Kuanzia hapo ngazini hatikisi kichwa tena. Anasimama, anashusha mfuko wa takataka, anauliza habari za mjomba wangu.

Ndiyo sababu nilikaribishwa chini. Huko chini ya nyumba, mahali pa kuwekea baiskeli na makaa ya zamani, jirani ana karakana yake. Anapaka rangi askari wa plastiki. Askari mzima hafiki urefu wa kidole cha shahada. Anamgandisha juu ya kizibo cha chupa ili apate pa kushika, anavaa kichwani lenzi yenye taa, anachanganya rangi juu ya karatasi ya kuokea iliyotandikwa kwenye sifongo bichi zisikauke. Kisha macho. Kwanza doa jeupe. Halafu, kwa brashi yenye nywele za kuhesabika na pumzi ameizuia, kitone cheusi. Kikienda upande, askari ana makengeza, na kazi inarudi mwanzo: rangi ya ngozi tena, nyeupe tena. Nilimwona akirudia jicho moja mpaka chai yangu ikapoa. Hao askari hawamtishi mtu, na aliowapaka wanaingia kabatini. Ambao bado, wa kijivu, wamejaa maboksi kuliko atakavyoweza kupaka hata akiishi miaka 120. Bado ananunua. Mkewe nimemsikia akisema afadhali angekuwa mlevi, ulevi una saa ya kufunga baa.

Misitu ya askari hao ni mbegu za mti wa huku uitwao Birke, ambazo kwa udogo wao zinafanana kabisa na majani makavu. Udongo wao ni machicha ya kahawa yaliyokaushwa kwenye oveni. Nikikumbuka machicha mnayomwaga hapo kila jioni naona bara zima linapotea.

Yule mwalimu wa hisabati hapaki rangi. Yeye anabuni. Ana mchezo wake wa karafuu na majahazi kati ya Muscat na Unguja, ameutengeneza kwa kadi za mkono, na vipande vya mbao alivyokata mwenyewe. Alituita kuujaribu. Raundi ya pili tu, jahazi lake likaondoka Muscat mwezi wa Juni, likafika Unguja likiwa na tende. Nikaweka kete chini. Nikamwambia, mama, Juni ni kusi, upepo unatoka Unguja kwenda Muscat. Jahazi la Muscat lingoje kaskazi ianze Desemba. Wenzangu wakanitazama kama niliyemsahihisha imamu. Yeye akachukua kalamu, akafuta.

Wiki iliyofuata mchezo ukawa sahihi na haucheziki. Nusu ya wachezaji wamekwama bandarini raundi tatu nzima, wanatazama dari. Akaniuliza, kwa uchungu kabisa, hao mabaharia walikuwa wanafanya nini muda wote huo wa kungoja upepo? Nikamjibu ukweli: walikuwa wanauza, wanakarabati majahazi, na wengine wanaoa.

Mjomba, hujaona mtu akifurahi hivyo. Usiku huohuo akakata kadi mpya. Sasa nahodha akikosa upepo anaweza kuposa, na akioa anapata mashemeji, na mashemeji wanampa mzigo wa karafuu kwa mkopo. Mchezo umekuwa moto. Karani wa kodi, ambaye nyumbani hasemi hata neno, ana wake watatu Unguja na mmoja Lamu, na anauliza kama watoto wanapunguziwa ushuru.

Anataka kuupeleka kwenye maonyesho ya Oktoba hapa hapa Essen. Yalianza mwaka 1983 yakiwa madogo, na mwaka 2024 walihesabiwa wageni zaidi ya 200,000 kwa siku nne. Watu wanaingia na masanduku ya safari matupu, wanatoka wakiyaburuta yamejaa, na treni ya mtaani inayokwenda huko unasimama kama kwenye daladala za asubuhi, ila hapa anayekukanyaga anaomba radhi. Ukipata kampuni ya kuuchapa, jina la mbunifu linakaa mbele ya boksi. Hilo walilipigania: mwaka 1988, kwenye maonyesho ya vitu vya kuchezea Nuremberg, wabunifu walitia saini kwenye kile kikaratasi cha kuwekea glasi ya bia, kwamba hakuna atakayemuuzia mchezo mchapishaji asiyeweka jina lake juu ya boksi. Mkataba mzima ukaenea pale. Mwalimu ameniahidi langu litaingia ndani ya kijitabu, ukurasa wa mwisho, chini ya "Upepo".

Lakini tumekwama mahali pamoja, na ndiyo sababu halisi ya barua hii. Wanabishana kuhusu mahari. Mwalimu anataka nahodha alipe kwa karafuu, karani anasema fedha taslimu au kila mtu ataoa bure mwisho wa msimu. Tena wanauliza: nahodha akisafiri na kusi, asirudi kaskazi mbili mfululizo, yule mke aliyeachwa Unguja anahesabiwa bado wake, au mchezaji mwingine anaruhusiwa kuposa? Na ule mkopo wa mashemeji unamfuata nani? Nimewaambia kwetu mambo haya yana wazee wake. Wamekubali kusimamisha mchezo. Jadilianeni hapo barazani, mkikubaliana andikeni kwa herufi kubwa, tieni saini, mpige picha mnitumie kabla ya Ijumaa. Wasiokubaliana nao waandike, huku watatengenezewa kadi yao.