Ufundi wa Bure, Mpunga wa Jirani

Kumwaga oili ya gari nyumbani si dhambi: spana namba 14, filta mpya, dumu la lita 4, basi. Ila hesabu ya bosi wetu wa Mabogini ina matundu. Akishaokoa hela ya fundi, oili chafu anaimimina mferejini, kwenye maji yanayonywesha majaruba ya mpunga ya mradi uliojengwa kwa msaada wa Japani miaka ya 1980. Eti ni kidogo tu! Oili haiyeyuki majini. Hutanda juu ikimetameta, imebeba chembe za chuma zilizosagika ndani ya injini. Eti huua mchwa? Sawa, ipake kwenye nguzo, mchwa hawaishi mferejini. Na jioni huyohuyo anaulizia mchele wa Mabogini, tena msafi. Bosi, dumu ulilonunulia oili lina kifuniko: rudishia chafu humo, upeleke gereji.