Baiskeli ya Mama Watoto

Mke wangu alipotamka kwamba anataka baiskeli, nilicheka mpaka chai ikanipalia. Kisiwa chetu cha Songo Songo kwa urefu hakizidi sana kilomita nne, na kwa upana ukipiga chafya pwani ya huku, pwani ya kule wanakuitikia. Nikamuuliza, baiskeli ya kwenda wapi? Akajibu bila kuinua macho kwenye chuma cha vitumbua: "Ya kwenda pale pale ninapokwenda kila siku, wewe ukiwa umelala."

Sikatai, alikuwa na haki. Kila alfajiri hujitwika ndoo ya vitumbua, mkononi ameshika chupa ya supu ya pweza, akatoka kijijini kwenda kuwauzia vibarua na wafanyakazi wa upande wa mtambo wa gesi. Njia yote ni mchanga, na mchanga wa kwetu ni kama mkopeshaji: ukipiga hatua mbili, moja anaichukua.

Mama yangu alikuwa kibarazani anasuka ukili, akadakia. "Mtafutie. Baba yako alininyima cherehani mwaka ule, mpaka leo nikienda kumzuru kaburini namkumbusha."

Baada ya hapo, nani angebisha?

Mke wangu ana kaka yake Mbagala, Dar es Salaam, anaendesha bajaji. Shemeji akapiga simu kusema tumtumie hela tu, baiskeli itafika. Nikakataa. Huyu ndiye tuliyemwagiza feni, ikafika haina mapanga. Akasema mapanga yanakuja na boti inayofuata, na boti zimefuatana miaka mitatu. Nikafunga safari mwenyewe, mwisho wa Aprili 2024.

Kariakoo nilipata baiskeli ya mtumba iliyotoka Japani, ya kike, kikapu mbele, kengele inalia vizuri kama ya shule, na kwenye madigadi ya nyuma kibandiko cha maandishi yao ambacho muuzaji aliniapia ni jina la mfalme. Shilingi laki na sitini. Nikampigia shemeji aje anichukue.

"Shemeji, nivumilie. Niko foleni ya gesi."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu saa kumi na moja alfajiri. Mbele yangu kuna bajaji kama sitini na mateksi siwezi kuhesabu." Ilikuwa saa sita mchana. Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayenidai: "Na gesi yenyewe ni ya kwenu!"

Hilo nalo ni kweli. Gesi ilionekana kwetu mwaka 1974, Waitaliano wa AGIP walipokuwa wanatafuta mafuta. Mwaka huohuo ndipo jiji la Dar es Salaam lilipopewa shirika la UDA liendeshe mabasi yake. UDA ilianza kuhema mapema, hata ilipofika 1983 serikali ikaruhusu daladala za watu binafsi. Gesi yetu ililala chini miaka thelathini, ikatoka 2004: inaingia kwenye bomba, inapita chini ya bahari kilomita ishirini na tano hivi mpaka Somanga, halafu inakwenda nchi kavu kilomita mia mbili na ushee mpaka Ubungo kuwasha mitambo ya umeme. Siku hizi imechanganyika na ya Mtwara, nayo inajazwa mpaka kwenye magari. Haisubiri maji kujaa, haigombani na konda, haiombwi nauli ya mzigo. Ni sisi wenyeji wake tunaosafiri kwa dhiki.

Basi nikaikokota baiskeli mpaka kituoni. Konda wa kwanza wa daladala ya Mbagala Rangi Tatu aliniangalia juu mpaka chini. "Mzee, hicho nacho kina roho?" Wa pili alitaka nauli za watu wanne, nikakubali, abiria ndio waliokataa, mama mmoja akisema pedali itamchania dera lake la harusi ya jioni. Wa tatu hakusimama. Nikapiga hesabu: kutoka hapo mpaka Mbagala ni Barabara ya Kilwa moja kwa moja. Mimi mtu wa Kilwa, naiogopaje barabara ya jina letu?

Nitaomba radhi kwa marehemu baba kwa mawazo yale. Kuanzia Bendera Tatu malori ya makontena yananipita ubavuni hata upepo wake unataka kunivua kofia. Bodaboda zinakuja mbele yangu upande wangu. Daladala inanikata ghafla kushoto kuchukua abiria, nasimamia breki, na breki ya mbele, hapo ndipo nilipojua, ilikuwa pambo. Nilifika kwa Aziz Ali nimeshasoma kila dua ninayoijua, nikaanza zile za watoto. Watembea kwa miguu wana pembezoni pao, pamejaa machungwa na viatu vya mtumba. Magari yana katikati. Mwendesha baiskeli ana kile kitakachobaki, na hakijabaki kitu.

Ila katikati ya barabara, jamani, kulikuwa na njia ya zege, safi, nyeupe, pana, haina kitu. Ndiyo njia ya mwendokasi ya Mbagala. Ilishajengwa, mabasi yake hayajaja. Ile ya Kimara ilianza kazi 2016 na inabeba watu mpaka mlango haufungi, lakini hii ya kwetu sisi watu wa Kusini ilikuwa imelala kama uwanja wa ndege wa kijijini. Nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia, nikapandisha Mjapani wangu. Raha niliyoipata kutoka pale mpaka Mtongani sijawahi kuipata nchi kavu. Nikapiga kengele bila sababu. Nikakumbuka pia kwamba upanuzi wa Barabara ya Kilwa, kabla ya zege hili, ulikuwa msaada wa Japani. Nikajiona narudisha mgeni kwao.

Filimbi ya askari ndiyo iliyonishusha. Akaniuliza kama mimi ni basi. Nikamjibu hapana, afande. Akaniuliza kama naona pikipiki zile tatu zilizokuwa zinapita. Nikasema naziona. "Hizo zina haraka," akasema. "Wewe huna. Shuka."

Kwa shemeji nilifika magharibi, miguu inacheza yenyewe. Yeye alikuja saa mbili usiku, tangi limejaa, uso umekauka, na hapo ndipo tukagundua kwamba hata angewahi, baiskeli haiingii kwenye bajaji.

*

Sehemu inayofuata mke wangu huisimulia tofauti, na yeye huaminiwa zaidi.

Ijumaa ile redio zote zilikuwa zinatangaza kimbunga. Mamlaka ya hali ya hewa wanakiita Hidaya, wanasema kinakuja Mafia na pwani yote ya kusini. Shemeji akanisihi: kaa siku mbili. Mimi nikamwambia nimezaliwa baharini, sitishwi na upepo wenye jina la kike. Neno hilo alikwenda kulifikisha kwa dada yake herufi kwa herufi.

Jumamosi, tarehe 4 Mei, nikapanda basi Rangi Tatu, baiskeli iko kwenye buti, imelipiwa elfu kumi na tano na imelazwa chini ya magunia ya vitunguu. Tukavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa mvua imeshika. Kadiri tunavyokaribia Kilwa ikawa si mvua tena, ni ndoo. Kilomita chache kabla ya Somanga foleni ikasimama. Dereva akashuka, akarudi amelowa, akasema maneno mawili: "Barabara imekatika."

Kulala ndani ya basi siku mbili na watoto wa watu na vitunguu sitaki kueleza. Mtandao wa simu unakuja na kukatika. Mara moja nikampata mke wangu.

"Uko wapi?"

"Karibu na Somanga."

"Makuti ya jikoni yote yameondoka na upepo. Mimi, mama na watoto tumejibana chumba kimoja. Wewe una nini?"

"Nina baiskeli."

Sikusikia jibu. Nilijipa moyo kwamba ni mtandao.

Siku ya pili maji yalipopungua, nilimwomba utingo aifukue baiskeli. Hapo ndipo ulimwengu ulipogeuka. Mbele yangu kulikuwa na malori, mabasi, magari ya wakubwa yenye vioo vyeusi, yote yamesimama, wenyewe wamekaa vivulini wamevua viatu. Mimi napita katikati yao napiga kengele. Mzee mmoja wa suti akaniita "mheshimiwa" na kuniomba nimfuatie maji ya kunywa. Nikaenda, nikarudi. Mwingine akataka mikate. Mama mjamzito nilimpakia kwenye keria nikamkokota taratibu mpaka pakavu, nikakataa hela yake. Za wengine sikukataa. Jioni nilihesabu elfu thelathini na nane, zaidi ya nilicholipa kuilaza baiskeli chini ya vitunguu. Pale palipokatika, vijana wawili waliibeba baiskeli mabegani, mimi nikiwafuata maji kifuani, nimeinua kikapu chake kama mtu aliyebeba mtoto.

Somanga nikangoja tena, bahari ilikuwa bado haijapoa. Siku tuliyopata chombo tulipakia unga, sukari, saruji na mitungi ya gesi ya kupikia. Nahodha huwa hakosi kuichekea mitungi hiyo kila safari: kisiwa cha gesi kinapelekewa gesi kwa mashua. Ukimweleza kwamba ya mtungi ni gesi nyingine, huletwa na meli kutoka nje, na hii ya visima vyetu haikai kwenye mitungi ya namna ile, anakubali kwa kichwa, halafu anacheka upya. Baiskeli ilifungwa mlingotini. Kila wimbi lililotupiga liliipiga nayo.

Kijiji kizima kilishuka pwani, wengine kwa mapenzi, wengi kwa kuona. Mke wangu alisimama nyuma ya wote. Akaizunguka baiskeli mara moja. Akabonyeza kengele: ikatoa maji. Akarudi nyumbani.

*

Nilipoezeka jiko, ndipo aliponisemesha. Akajaribu kuipanda njia ya mtambo. Gurudumu likazama mpaka kwenye mnyororo na vitumbua vikamwagika. Mama yangu alicheka mpaka akashika nguzo. Wiki ya tatu mnyororo ukawa mwekundu kwa kutu, na mama, anayeamini kwamba kinachofaa jahazi kinafaa kila kitu, akaupaka sifa, yale mafuta ya papa. Kutu ilikoma. Lakini kwa siku tano baiskeli ilinuka papa, vitumbua vikanuka papa, na paka wa kisiwa kizima wakaifuata kwa nyuma kama msafara wa harusi. Vibarua wakanunua chapati kwa mtu mwingine.

Nikawa nimeshakata tamaa, naitazama imeanikwa kanga. Aliyetupa dawa ni binti yetu wa darasa la tano. Aliiiba siku ya bamvua, maji yametoka, akaiteremsha ufukweni. Mchanga ulioachwa na maji, ukiwa bado umelowa, ni mgumu kama ile zege ya Mbagala. Tulimwona anapita kwa mbali, miguu haifiki pedali vizuri, anakwenda kama ametupwa kwa manati, na akina mama waliokuwa mwambani wanatafuta pweza wakainua vijiti vyao juu kumshangilia.

Tangu hapo baiskeli ina ratiba yake na mwenye ratiba ni mwezi. Siku za bamvua maji hupwa kabisa saa nne hivi asubuhi, na saa nne ndiyo saa ya chai; mke wangu anafika vitumbua vikiwa vya moto, bila tone la jasho. Siku za maji mafu anatembea kama zamani, na mimi nabeba ndoo. Hilo la ndoo halikuwa kwenye makubaliano yetu ya mwanzo.

Mara moja tu alipitiwa na mazungumzo, akarudi maji yameshaanza kujaa. Aliingia nyumbani nguo zimelowa mpaka kiunoni, baiskeli ameibeba kichwani, akaiweka chini na kusema, "Hakuna atakayeniuliza kitu." Hatukumuuliza.

Mwaka 2025 mabasi ya mwendokasi hatimaye yakaanza kwenda Mbagala, mabasi mapya, ya gesi. Shemeji akanipigia akiwa ndani yake. Sikujua kama anajisifu au analia, maana abiria aliokuwa anawabeba yeye ndio hao aliokaa nao. "Kuna kiyoyozi, shemeji," aliniambia. "Na gesi ya kwenu."

Nilikuwa ufukweni, ndoo kichwani, maana keria ilikuwa imekatika upande mmoja na mzigo haukai. Mke wangu alikuwa mbele yangu hatua hamsini, sabini, mia. Nikamwita anisubiri, nikae hata kwenye fremu. Akapiga kengele mara mbili bila kugeuka.