Jinsi ya Kumaliza Jumapili za Miaka Mitatu kwa Namba Moja

Anza kwa kujipatia namba yenye mwili. Zidisha mbili kwa mbili, tena kwa mbili, mpaka zitimie mbili 67, kisha toa moja. Utapata 147,573,952,589,676,412,927. Ukiiandika kwa lugha ya kompyuta, ya sifuri na moja, ni moja tupu 67 zilizopanga foleni. Itazame kwa raha zako, ni nzuri mno.

Kisha tafuta mtu mzito aliyeikosea. Yupo: mtawa Mfaransa Marin Mersenne, ambaye mwaka 1644 aliiorodhesha kati ya namba tasa. Mwaka 1876 Édouard Lucas alithibitisha kuwa si tasa, ila njia yake haikutaja kigawo hata kimoja. Ni kama kuhakikishiwa kuwa nyoka yumo ndani, usionyeshwe chumba.

Sasa kazi, na usigawanye ovyo. Si shufwa. Jumla ya tarakimu zake ni 109, kwa hiyo tatu haiingii. Hapo wengi hushika saba, 11, 13, wakachoka bure. Shika kanuni ya Pierre de Fermat: kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikigawanya kwa 134, yaani 67 mara mbili, lazima kibaki moja. Tena ukikigawanya kwa nane, kibaki moja au saba. Basi nenda kwa hatua za 134. Ya kwanza ni 135. Inaishia na tano, iache. 269 ni tasa, moyo unadunda, lakini kwa nane inabaki tano, iache pia. 403 ni 13 mara 31. Endelea hivyo hivyo. Unachokitafuta kiko hatua ya 1,445,580.

Mmarekani Frank Nelson Cole alikifikia. Oktoba 1903, kwenye mkutano wa wanahisabati jijini New York, husimuliwa kwamba alikwenda ubaoni bila kutamka neno, akaikokotoa namba yenyewe, kisha kando yake akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287. Majibu yakawa mamoja. Akarudi kuketi, watu wakapiga makofi. Alipoulizwa ilimchukua muda gani, inasemekana alijibu: Jumapili za miaka mitatu.

Kwangu mimi, hakuna Jumapili zilizotumika vizuri zaidi. Kukitafuta kigawo ni jasho la miaka. Kukikagua ni kazi ya yeyote mwenye chaki. Tofauti hiyo hiyo ndiyo inayolinda siri nyingi za mtandaoni leo.

Kagua basi. Tarakimu za kigawo cha kwanza zina jumla ya 37, za cha pili 64. Kila jumla, kwa tisa, inabaki moja, na moja mara moja ni moja. Ile 109 nayo, kwa tisa, inabaki moja. Huo bado si uthibitisho, kwa hiyo chukua karatasi pana uzidishe mwenyewe. Anzia kulia: saba mara moja, andika saba.