Mhadhara wa Mtaalamu Kuhusu Makazi Halali ya Mipangilio

Mtaalamu, ambaye uprofesa wake alijitunuku mwenyewe baada ya kukosekana jopo lenye hadhi ya kumtahini, amekubali kusimama hapa ili afafanue jambo ambalo umma umelichezea vya kutosha: mtu akishabadilisha rangi, upana wa nafasi na kazi za vitufe katika programu yake ya kuhariri maandishi, mabadiliko hayo ayaweke wapi?

Ataanza na wakosaji. Wapo watu, na wengine wameketi mstari wa mbele, wanaoingia katika /usr/share/vim na kuandika matakwa yao humo. Mtaalamu anawasikitikia. Hiyo ni nyumba ya kupanga. Mwenye nyumba akija na rangi mpya hamuulizi mpangaji aliyechora ukutani. Programu ikisasishwa, faili zake huandikwa upya, na ufundi wa miezi hufutika kabla chai haijapoa.

Makazi halali ni folda ya mtumiaji mwenyewe, ile inayowakilishwa na alama ya kiwimbi. Kwa Vim, aliyoitoa Mholanzi Bram Moolenaar mwaka 1991, faili ni ~/.vimrc, au ~/.vim/vimrc tangu toleo la 7.4; kwenye Windows huitwa _vimrc. Neovim hutazama ~/.config/nvim. GNU Emacs ya Richard Stallman husoma ~/.emacs au ~/.emacs.d/init.el, na tangu toleo la 27 la mwaka 2020 inaikubali pia ~/.config/emacs/init.el. Mtaalamu amezitaja zote bila kutazama karatasi. Makofi yanaruhusiwa.

Sasa mitego, ambayo wahadhiri wadogo huikwepa.

Mtego wa kwanza: anayehamia ~/.config/emacs huku ameisahau ~/.emacs ya zamani atahariri faili mpya hadi usiku wa manane, na hakuna kitakachobadilika, kwa kuwa Emacs ikiikuta ile ya zamani haiendi mbali zaidi. Isitoshe, menyu yake ya mipangilio huchomeka mistari yake yenyewe ndani ya init.el. Asiyetaka mchanganyiko huo huelekeza custom-file kwenye faili nyingine, kisha haachi kuiagiza ipakiwe.

Mtego wa pili ni wa kiungwana zaidi. Tangu Vim 8.0 ya mwaka 2016, asiye na .vimrc hupewa defaults.vim, yenye mambo mazuri kama rangi za msimbo. Akiunda .vimrc, hata iwe tupu kabisa, zawadi hiyo inaondolewa. Dawa ni mstari mmoja juu ya faili: source $VIMRUNTIME/defaults.vim. Mtaalamu alitaka kuuita mstari huo kwa jina lake, lakini unyenyekevu ulimzuia.

Mtego wa tatu unawahusu waandishi wa Python. Mtu huandika shiftwidth=2 ndani ya .vimrc, anafungua kazi yake, anakuta nafasi nne. Si uchawi: kanuni za Python zinazokuja na Vim husomwa baada ya .vimrc, nazo zinataka nne. Mbishi huyo aandike setlocal shiftwidth=2 katika ~/.vim/after/ftplugin/python.vim, kwa sababu kilichomo ndani ya after husomwa mwisho na kauli yake ndiyo inayobaki.

Mwenye shaka asimsumbue Mtaalamu kwa maswali. Aandike :echo $MYVIMRC aone ni faili ipi inayotumika, na :scriptnames aone zilizosomwa zote kwa mpangilio wake.

Limebaki suala la ada. Vim haitozi chochote; huwaomba watumiaji wachangie watoto wa Uganda, kwa kuwa Moolenaar, aliyefariki mwaka 2023, aliwahi kujitolea Kibaale, kusini mwa nchi hiyo. Maelezo yanapatikana kwa kuandika :help uganda. Mtaalamu kwa upande wake hupokea taslimu, mlangoni, kabla watu hawajatoka.