Waparthi, Wamedi na Wahitimu

Risala ya wahitimu ina njia yake iliyochongwa siku nyingi. Mhitimu mwenye sauti ya kusikika husimama mbele ya mgeni rasmi, huinamisha kichwa kwa Baba Askofu, kisha huanza: chuo kilianzishwa mwaka fulani, kina wanachuo kadhaa, wa kike wangapi, wa kiume wangapi. Yanafuata mafanikio, ambayo ni mafupi, halafu changamoto, ambazo ndizo risala yenyewe: basi la chuo limechakaa, maji hayapandi hadi ghorofa ya pili, uzio umeishia njiani. Mgeni rasmi akiondoka hapo anaijua tabia ya lile basi kuliko tabia ya mtu hata mmoja kati ya waliovaa majoho. Anajua kwamba asubuhi halitaki kuwaka, kwamba mlimani huchemsha, kwamba mlango wake hufungwa kwa kamba. Hajui ni nani katika safu ya tatu asiyeamshwa na kengele mpaka avutwe shuka, wala ni nani akiombwa chumvi bwaloni huitoa pamoja na ushauri. Transkripti nayo haimsaidii, kwa sababu inaeleza yale ambayo mtu aliyafanya akiwa amejiandaa: amekesha, amepiga msuli, desa amelikariri mpaka makosa ya chapa. Tabia huonekana pale mtu anaposhtukizwa. Kwa hiyo nasema bila kumung'unya maneno kwamba kumbukumbu sahihi ya darasa linalohitimu, hasa la chuo kidogo cha Kanisa Katoliki, haimo kwenye cheti wala kwenye picha ya pamoja. Imo kwenye vituko. Tena ni kumbukumbu yenye haki kuliko inavyodhaniwa.

Udogo wa chuo ni sehemu ya hoja. Vyuo vya Kanisa hapa Tanzania vimetapakaa, na vingine vimekua vikapita kimo cha kusimuliwa. Kule Nyegezi, Mwanza, Kanisa lilianzisha chuo cha mafunzo ya kijamii mwaka 1960. Mwaka 1998 kikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, chenye wanafunzi maelfu. Penye maelfu, mtu anaweza kuteleza na sahani ya wali mbele ya watu mia na kesho akapishana na mia wengine wasio na habari. Ninachokizungumzia ni kile chuo cha ualimu au cha uuguzi ambacho bado kina kanisa moja, bwalo moja na kengele moja. Hapo kituko kilichotokea kwenye Misa ya asubuhi kimeshafika jikoni kabla uji haujachemka, saa nne mlezi wa wanachuo anacho, na kufikia masifu ya jioni kimeshapewa jina. Ubaya wake ni kwamba hakuna pa kujificha. Uzuri wake ni kwamba hakuna pa kuongezea chumvi pia, maana wote walikuwepo, na ukizidisha kidogo tu meza nzima inakurudisha.

Ushahidi wangu mkubwa ni Jumapili ya Pentekoste. Somo la kwanza siku hiyo, mwaka nenda mwaka rudi, hutoka Matendo ya Mitume sura ya pili, na ndani yake kuna msururu wa mataifa: Waparthi, Wamedi, Waelami, kisha Mesopotamia, Kapadokia, Ponto, Frigia, Pamfilia. Hakuna mtego uliotangazwa mapema kuliko huo. Tarehe yake inajulikana, kitabu kipo sakristia, na mwaka mzima hakuna anayekifungua mpaka shemasi ameshakaa. Sasa watazame wasomaji. Yuko anayelikabili kila taifa silabi kwa silabi, akikosea anarudi, anasahihisha, anaendelea. Homilia inachelewa, wali unapoa, lakini hakuna aliyeachwa nje siku ya Roho Mtakatifu. Yuko anayeanza na Waparthi kwa sauti ya mtangazaji wa mpira, Wamedi vivyo hivyo, halafu akiiona Kapadokia inakuja anapunguza sauti, anakohoa, na kikohozi kinapokwisha tumeshafika Roma. Watu wa Frigia na Pamfilia hawakuhudhuria Yerusalemu mwaka huo. Yuko asiyejua kutamka hata moja lakini hana wasiwasi: anabuni mataifa mapya, anayatamka kwa uhakika kiasi kwamba padre mwenyewe anainama kuangalia kitabu chake. Na yuko aliyepangwa kusoma tangu mwezi uliopita, ambaye Jumapili hiyo, kwa mapenzi ya Mungu, ameamka na mafua. Wote wanne, ukitazama transkripti zao, wamepata B katika Stadi za Mawasiliano.

Mtu atasema kwamba huko ni kupima ujuzi wa kusoma, tabia inaingiaje? Ingekuwa hivyo kama tungehesabu makosa. Makosa ya hao watatu waliosoma yanalingana takribani. Wanachotofautiana ni kile ambacho kila mmoja alikifanya baada ya kujua kwamba amekwama. Wa kwanza alikubali aibu ili kazi iishe sawasawa, na huyo ndiye ningemkabidhi fedha za ujenzi wa zahanati. Wa pili alichagua kuokoa sura yake. Wa tatu alichagua kuokoa shughuli, na ukiwa na harusi isiyo na mshereheshaji, namba yake ndiyo ya kuipiga. Mhadhara wa saikolojia wa muhula mzima usingewatenga vizuri namna hiyo, na ada yake ingekuwa juu zaidi.

Sayansi ya kumbukumbu nayo haiko mbali na bwalo. Mwaka 1975 Harry Bahrick na wenzake walichapisha utafiti uliowahusu Wamarekani 392 waliomaliza sekondari, wengine juzijuzi tu, wengine karibu nusu karne nyuma, kwa kutumia vile vitabu vya picha ambavyo shule za huko huwachapishia wahitimu. Nyuso zilidumu ajabu: hata baada ya miaka zaidi ya 30, watu waliweza kutambua picha za wenzao karibu tisa kati ya kumi. Lakini walipoambiwa watoe majina kichwani bila kuonyeshwa kitu, hali ilikuwa mbaya, na ilizidi kuwa mbaya kadiri miaka ilivyosonga. Uso unabaki, jina linaondoka, na katikati hapo lazima pawe na kitu cha kushikia. Ndiyo maana kwenye kundi la WhatsApp la wahitimu hakuna anayeuliza habari za mtu kwa jina la ubatizo. Anauliza, yule wa Pamfilia yuko wapi siku hizi? Na watu ishirini wanajibu kwa mpigo, mmoja akiwa ni Pamfilia mwenyewe, anayetaka ieleweke kwamba kikohozi kilikuwa cha kweli.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba darasa linaweza kumhukumu mtu vibaya, na hukumu ikamganda. Nalikubali, na mfano wake Kanisa lenyewe linao. Katika karne ya 13 kulikuwa na kijana wa Kiitalia aliyekuwa akisoma kwa Alberto Mkuu, mnene, mkimya kupita kiasi, na wanafunzi wenzake wakamwita ng'ombe bubu. Kijana huyo ni Thoma wa Akwino. Mwaka 1323 alitangazwa mtakatifu, na mwaka 1880 Papa Leo XIII akamweka kuwa msimamizi wa shule na vyuo vyote vya Kikatoliki, kwa hiyo kila tarehe 28 Januari vyuo hivyo humwadhimisha mtu ambaye darasa lake lilimwona ni wa kufungwa zizini. Walikosea? Nusu. Walichokiona kilikuwa sahihi: mwili ulikuwa mkubwa na ukimya ulikuwa wa kweli. Walichokosea ni kudhani ukimya maana yake ni kichwa kitupu. Tena bila utani wao tungeujuaje huo ukimya? Ukisoma alivyoandika, kitabu juu ya kitabu, utadhani ni mtu ambaye hakuwahi kunyamaza hata wakati wa kula. Inasimuliwa kwamba Alberto alipousikia utani huo hakuukanusha ung'ombe, alisema tu kwamba mlio wake utakuja kusikika duniani kote. Hiyo ndiyo kanuni ninayoitetea: kituko kihifadhiwe, hukumu iahirishwe.

Wapo pia watakaosema kwamba haya yote ni majungu yaliyovishwa joho, na kwamba kusengenya ni dhambi ambayo padre anaisikia kila Jumamosi kwenye kitubio mpaka ameichoka. Tofauti ipo, nayo ni rahisi kuipima. Jungu husitishwa mhusika akiingia. Kituko humsubiri mhusika aingie, maana yeye ndiye mwenye sehemu iliyokosekana. Na si kila balaa ni kituko. Aliyekosa ada akalala mjini kwa ndugu, aliyefiwa katikati ya mitihani, aliyepata disko muhula wa mwisho, hao hawachekwi, na darasa linalowacheka linahitaji mafungo ya siku tatu, yale ya kimya. Kwa vituko halisi, mfano wa kufuata ni Augustino yuleyule wa Nyegezi. Akiwa na miaka kumi na sita huko Thagaste, yeye na wenzake waliiba mapeasi usiku, wakayatupia nguruwe mengi yake, na alipokuwa askofu akaliandika tukio hilo mwenyewe katika Maungamo, tena kwa kirefu, akikiri kwamba peke yake asingelifanya. Zaidi ya miaka 1,600 imepita. Wasiojua hata hoja yake moja juu ya neema wanayajua mapeasi, na sidhani kama kwa kuyajua hayo wamemkosa Augustino.

Linabaki pingamizi ambalo sina jibu lake kamili: vipi kuhusu yule ambaye hakupatwa na kituko chochote? Kila darasa linaye. Alipiga kengele kwa wakati miaka yote, aliazimisha madesa yakarudi yamelowa mchuzi asiseme neno, Pentekoste alipangiwa zaburi ya kuitikizana. Kumbukumbu ya vituko inampita kabisa huyu, na hiyo si haki. Ninachoweza kusema ni kwamba hata huyo ana ushahidi wake, ila uko pahali pengine, kwenye daftari la michango la mweka hazina wa darasa. Msiba wa mama wa mwenzao, fulana za kuhitimu, keki ya Sista Mkuu: jina lake limo katika mistari ya kwanza kila mara, kiasi kamili, bila kukumbushwa. Kurasa mbili mbele wamo wale walioahidi mwisho wa mwezi, na mwezi wenyewe haujaisha mpaka leo. Kwa bahati mbaya daftari hilo halionekani tena, kwa sababu mweka hazina alilisahau kwenye lile basi siku lilipochemka, na hicho ndicho anachokumbukwa nacho yeye.