Mwenye Risiti Ndiye Mshukiwa

Ukitaka kuishi na kompyuta kwa amani, usinunue kitu. Nasema haya nikiwa na risiti mkononi, yenye jina langu, tarehe, na kiasi ambacho mama watoto bado hajaambiwa. Nilinunua programu ya mahesabu, ikanitumikia vizuri mpaka diski ya laptopu ilipokufa. Nikawekewa mpya, nikairudisha programu yangu, nikaingiza ufunguo wangu wa herufi na tarakimu 25. Ikanijibu kwa adabu zote kwamba ufunguo huo tayari unatumika kwenye kompyuta nyingine. Nyingine ipi? Ni hii hii, iko mapajani inaniunguza! Kampuni siitaji. Hela ya wakili imeliwa na hiyo hiyo programu.

Nikaambiwa nipige simu. Mpwa wangu akamulika tochi kwenye kadi yenye ule ufunguo, maana maandishi yenyewe yameandikwa kwa ajili ya sisimizi.

"Anko, hii ni B au 8?"

Nami nasoma: B ya baba, M ya mama, D ya dada. Ukoo wote ukapita salama mpaka tulipofika kwenye Q. Q ya nani? Wahenga hawakutuachia hata neno moja lenye Q, wala lenye X. Nikasema X ile ya kukosa hesabu darasani. Dada wa huduma kwa wateja akauliza, "Hesabu zipi, baba?" Hapo salio likakata.

Na msidhani herufi hizi zinaokotwa tu. Funguo za Microsoft za enzi za Windows XP zilichujwa kama nazi: irabu zote nje, 0 nje, 1 nje, ili watu wasije wakachanganya sifuri na O. Halafu B na 8 wakaziacha zote mbili humo humo. Mswahili ukimnyima irabu umemwachia nini? Hata "samahani" haiandikiki.

Zamani hawakuwa wakali hivi. Ufunguo wa Windows 95 ya dukani ulikuwa tarakimu tatu, kistari, kisha tarakimu saba, na kompyuta haikuwa na maswali mengi: zile saba ukizijumlisha, jibu ligawanyike kwa 7. Basi ukibonyeza 1 mwanzo hadi mwisho, 111-1111111, unapokewa kama mgeni wa heshima.

Mwaka 2001 ikaja XP, na amri ya kuamilisha programu kwa intaneti au kwa simu. Wezi watakoma sasa, tukaambiwa. Lakini kabla haijafika madukani, ufunguo mmoja wa makampuni, unaoanza na FCKGW, ulikuwa umeshavuja, na toleo la makampuni halikudai kuamilishwa popote. Mwizi akaingiza, akalala. Aliyelipa, kama hana intaneti, ndiye aliyebaki ameshika mkonga wa simu akisoma tarakimu 50, kisha akisomewa tarakimu 42 aziandike. Nusu saa ya kuapa kwamba cha kwako ni chako.

Ni kama mlinzi wa geti anayekuandikisha jina, namba ya simu na sababu ya kuja, wewe mwenye nyumba, huku ukuta wa nyuma umeanguka tangu masika.

Hata ukijiandikisha, bado. Agosti 2007 mtu alikosea huko Microsoft, seva zao zikaanza kuwaambia wenye nakala halali kwamba wanatumia Windows bandia, na wenye Windows Vista wakapokonywa baadhi ya madoido ya skrini. Mwaka uliofuata ukatoka mchezo wa Spore, na mnunuzi akawekewa mpaka: mwisho kompyuta tatu. Nakala za wizi zilikuwa zimezagaa mitandaoni kabla hata ya siku ya kutoka, nazo hazikumhesabia mtu kompyuta.

Sisemi watengenezaji wafe njaa. Wana watoto, wana kodi ya nyumba, walipwe. Nimelipa! Ninachouliza ni kwa nini dirisha la kunituhumu linafunguka kwangu tu, wakati jirani yangu, ambaye katika maisha yake hajawahi kulipia programu, hajui hata linafananaje. Nilipomwonyesha alidhani ni kirusi.

Ndiye aliyenielekeza kwa fundi wake Kariakoo, kijana mwenye bisibisi sikioni na flashi shingoni. Akaipindua laptopu, akatazama dirisha lile, akaitazama risiti yangu pande zote mbili kama noti ya kigeni.

"Mzee, hii ulinunua?"

"Nilinunua."

"Kwa hela?"

"Kwa hela."

Akanirudishia risiti taratibu, sauti ikiwa ya mtu anayetoa pole.

"Za kununua huwa sizishiki, mzee. Zinasumbua sana. Ngoja nikuwekee nzima."